Baba Mswaki na Maumivu Aliyoyaficha

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza vitambaa. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984. Walimu walimkumbuka kwa mambo mawili: mwandiko mbaya na kicheko cha kusikika hadi darasa la jirani.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa dereva wa gari la afya ya kinywa. Humo ndimo alimokutana na muuguzi wa meno aliyekuwa akifundisha shuleni, na tarehe 2 Desemba 1995 wakafunga ndoa. Wiki ya kwanza tu bwana harusi alichukua mswaki wa mkewe kwa bahati mbaya. Bibi harusi akamwambia, "Tutakula sahani moja mpaka kufa. Mswaki, hapana." Kisa hicho marehemu alikisimulia kila shule waliyokwenda, na kila mara aliongeza chumvi.

Kazini alikuwa zaidi ya dereva. Mkewe alipoeleza kwamba bakteria hujificha kwenye mswaki unaobaki na uchafu na unyevu, yeye alisimama mbele na mswaki wa mfano wenye urefu wa mkono, akausuuza, akaukung'uta, akausimamisha wima peke yake upate hewa. Watoto walimwita Baba Mswaki, naye jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Nyumbani miswaki ilisimama dirishani, kila mmoja na kikombe chake, na kila baada ya miezi mitatu mkewe aliibadilisha. Wa marehemu ulikuwa umelowa kila asubuhi, nyuzi zake zimenyooka kama mpya. Mkewe alimsifu hadharani: huyu ana mkono mwepesi, igeni kwake. Muuguzi aliyechungulia vinywa vya maelfu ya watoto alitazama mswaki wa mumewe, kinywa hakutazama.

Tarehe 17 Februari 2024 shavu lilivimba, na kesho yake akashindwa kumeza. Hospitalini daktari alimfungua kinywa, mkewe akiwa pembeni, na mkewe akaona mwenyewe: fizi zimeoza, jipu chini ya ulimi. Miaka mitatu marehemu alikuwa akiulowesha tu mswaki bombani na kuurudisha. Ulipoanza kumtoa damu aliuogopa, lakini mkewe ndiye aliyemwogopa zaidi. Alimwambia kwa tabu, "Mama watoto, ungejua, ungeniondoa mbele ya wale watoto." Kweli angemwondoa. Angempeleka kwa daktari siku hiyohiyo, na leo tusingekuwa hapa. Maambukizi yaliingia kwenye damu, na Alhamisi tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi, akafariki.

Siku ileile, kwenye benchi la hospitali, mdogo wa marehemu alimweleza mjane kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia kaka yake dawa za kutuliza maumivu. "Aliniapisha, shemeji," alisema. Kwa miaka hiyo yote mitatu alikula mezani kwa shemeji yake kila Jumapili, akaulizwa kama kaka yake ni mzima, akajibu hajambo. Mjane aliyeandika wasifu huu anasema wazi kwamba amesalitiwa na watu wawili aliowaamini kuliko wote, na mmoja wao hayupo tena wa kugombezwa. Aliombwa aifute aya hii. Alikataa.

Marehemu ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, na wajukuu wawili ambao jana mjane aliwafungua vinywa na kuwakagua jino kwa jino. Ameacha pia mdogo wake mmoja, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Mjane alimwambia akitaka kukaa tena mezani kwake, ayasome yote mbele ya watu bila kuruka neno. Mpaka hapa ameyasoma.

Pumzika, Baba Mswaki. Tumekukasirikia, na tunakulilia.