Kopo la Chakula cha Viungo

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo nimesimama kurekebisha, na kurekebisha ni kugumu kuliko kushuhudia.

Ndugu zangu, mnanifahamu, mimi mama Tusajigwe wa Ngonga. Mwaka jana wakati wa mavuno nilisimama hapahapa nikasema Mungu ameniponya kwa vidonge vya kopo. Mkapiga makofi. Nilisema nilichokiamini, lakini hakikuwa kweli.

Vidole vyangu vilianza kuvimba, mkono huu na huu kwa pamoja. Asubuhi vilikakamaa hadi jua lipande. Hata kumenya ndizi nilishindwa, kisu kinaanguka. Wakati wa salamu nilificha mikono ndani ya kitenge, maana mkinishika kwa upendo wenu nilitaka kulia. Watu wakasema ni baridi yabisi, nimesimama mno kwenye majaruba ya mpunga. Nikaacha shamba msimu mzima. Vidole havikujali.

Hospitali walinipa dawa, wakaniambia nisiache. Ila hii ndiyo miaka ya ruksa, ndugu zangu, maduka yamejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Binamu yangu anayefanya biashara Karonga, ng'ambo ya mpaka, akavuka mto Songwe na kopo la vidonge lenye picha ya goti. Akanisomea Kiingereza chake: ni chakula cha viungo. Mume wangu akauliza kama tuvitie kwenye mchuzi. Tulicheka, lakini nilivimeza, na dawa za hospitali nikaziweka kando, maana niliona anayelishwa vizuri hana haja ya dawa. Wiki chache baadaye vidole vikatulia. Ndipo nikaja kushuhudia.

Mvua zilipoanza ugonjwa ukaamka. Magoti, viwiko, hata taya! Mume wangu alinipeleka hospitali kwa baiskeli, kopo nimelishika. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, akalisoma lote, kisha akaniambia: "Mama, mwili una askari wake. Wako wamegeuka, wanabomoa nyumba walizowekwa kuzilinda. Ukiwapelekea wenye nyumba chakula, watashukuru, lakini askari bado wanabomoa."

Nikamuuliza mbona nilipata nafuu. Akasema ugonjwa huu hulala na kuamka wenyewe, na kopo liliukuta umelala. Wapo wenye magoti yaliyochakaa kwa umri wanaosema linawapunguzia maumivu, na hata hilo hana hakika nalo. Kwa ugonjwa wangu haliwezi kuwazuia askari. Muda nilioacha dawa ndio uliopinda hivi vidole viwili. Mnaviona. Havitanyooka.

Nimerudi kwenye dawa, sasa ni miezi minne. Sijapona, nasema wazi. Lakini leo asubuhi nimemenya ndizi zangu mwenyewe. Ndaga fijo, Bwana, asante sana!

Ndugu zangu, sikuja kwa ajili ya vidole vyangu. Dada Atupele wa Ndandalo anaumwa kama mimi, na ameniruhusu nilitaje jina lake. Aliposikia ushuhuda wangu wa kwanza aliacha dawa, akanunua kopo. Alinifuata mimi. Jumanne nilikwenda kwake, akanikaribisha vizuri, mikono imo ndani ya kitenge. Nilijua.

Mungu aliniokoa na kiburi cha kutotaka kurudi mbele yenu niseme nimekosea. Mtumainini yeye, na dawa mliyopewa mmeze. Hayo mawili hayagombani.

Dada Atupele, nakuona pale nyuma. Kesho nakuja na baiskeli, twende wote kwa yule daktari. Na leo tukifika kwenye salamu, usinipe mkono. Nitakaa tu karibu yako.