Adrian Kalinga, Gari Lake Jeupe na Fundi wa Mbalizi

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Kilolo, mimi ni Yohane Kalinga, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, na nimeagizwa niyasome yote, hata pale ambapo wengine wangependa niparuke.

Adrian Bartholomeo Kalinga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 hapa hapa Kilolo, mtoto wa kwanza wa mzee Bartholomeo na mama yetu Faustina. Alisoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1974, sekondari mjini Iringa hadi 1978, kisha akasomea kilimo, na mwaka 1981 aliajiriwa kuwa bwana shamba, akapangiwa Mbalizi, mkoani Mbeya, alikofanya kazi mpaka alipostaafu Agosti 2019. Tarehe 5 Oktoba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu Apolonia, wakajaliwa watoto wawili, Faustina na Bartholomeo.

Mwaka 2007 alinunua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika, ambalo wengi wenu mlilipanda na wengine mlilisukuma. Barabara za mashambani zilimaliza shokapu, gia zikawa zinaingia kwa kushtuka, rejeta ilivuja ikazibwa, ikavuja tena, na shemeji akazoea kusafiri na dumu la maji miguuni. Kila mara aliyelirudisha barabarani alikuwa fundi Ambokile wa Mbalizi.

Mwezi Mei mwaka huu injini ilianza kuchemka, maji yakapungua bila kuonekana yanakovujia, na moshi mweupe ukawa unatoka nyuma. Ambokile alimweleza kaka kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, injini lazima ifunguliwe, na gari lisitoke Mbalizi kabla ya hapo. Lakini tarehe 21 Juni ilikuwa siku ya kujengea kaburi la mama yetu, padre ameshaalikwa, na msalaba wa chuma na vigae vimeshapakiwa kwenye buti, naye kama mtoto wa kwanza hakukubali vifike kwa mkono wa mwingine. Ambokile alipoona hasikii, alichomoa betri akaifungia gereji. Kaka alimfuata, akamwambia mbele ya mke wa fundi, "Fundi, hili gari nalijua kuliko unavyomjua mke wako," na Ambokile akamjibu, "Mke wangu, mzee, hachemki akipanda mlima." Walicheka wote, ila betri haikutolewa. Kesho yake, Ijumaa tarehe 20 Juni, kaka aliazima betri kwa jirani, akaondoka na shemeji bila fundi kujua.

Walipopita Makambako gari lilichemka kwenye mpando, kaka akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto, maji na mvuke vikamuunguza kifua na mkono wa kulia. Alikuwa na kisukari tangu mwaka 2016, vidonda havikukauka, na tarehe 19 Julai 2025, saa kumi na moja jioni, alifariki dunia hospitalini mjini Iringa.

Gari lilivutwa hadi kwangu Ipogolo, fundi wa huko akaifungua injini mbele yangu, gasketi ikakutwa imeungua kama Ambokile alivyosema. Nayasoma haya kwa sababu tangu juzi inasemwa hapa msibani kwamba Ambokile alimkabidhi kaka gari bovu, na vijana wetu wameapa hatakanyaga kaburini. Kaka mwenyewe alituambia akiwa kitandani, "Mwambieni Ambokile asininunie, betri alificha kwa haki."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, dereva wa lori aliyemkimbiza hospitali, majirani wa Mbalizi na Ipogolo, na maofisa kilimo aliofanya nao kazi.

Ambokile amekuja kutoka Mbalizi, amesimama kule nje ya turubai tangu asubuhi. Familia imeamua kwamba wakati wa kutia udongo atatangulia shemeji Apolonia, watafuata watoto, kisha Ambokile, ndipo sisi ndugu wa damu. Vijana mpisheni njia, na wewe Ambokile, njoo ukae huku mbele.

Kaka Adrian, msalaba wa mama uliokuwa ukiuleta ulifika na umesimama, nawe unalala kando yake. Pumzika kwa amani.