Dona Iracilda wa Chumba cha Utetezi

Ijumaa, tarehe 28 Februari, Dona (yaani Bi) Iracilda Pantoja anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya masomo ya uzamivu ya kitivo chetu, hapa Belém, Brazil, kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake wa ofisini walinipa mimi, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya chuo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mama yangu ni mmoja wa watu aliowafikisha kwenye udaktari. Wao wenyewe, walidai, wangelia kabla ya kumaliza aya ya kwanza.

Alianza kama mpiga chapa, enzi ambazo neno moja likikosewa ukurasa mzima unarudiwa. Baadaye akawa katibu wa tasnifu zote. Alipanga tarehe, aliwapokea watahini uwanja wa ndege, alifungua chumba ambamo wanafunzi hutetea tasnifu zao na kuwatoa watu nje jopo la watahini lilipotaka kujadiliana. Siku moja mtahini alikwama mji wa Manaus kwa mvua. Dona Iracilda akawaeleza wageni namna anavyopika maniçoba, mchuzi wa nyama na majani ya muhogo ambao huchemshwa wiki nzima, na mtahini alipowasili wageni waliomba asubiri kidogo.

Lakini wengi tunamshukuru kwa jinsi alivyowasaidia watetezi kumkabili Profesa Ubiratan Quaresma, ambaye ameniruhusu kuandika haya. Profesa huja na tasnifu iliyojaa vikaratasi vya rangi, na kila kikaratasi ni swali. Dona Iracilda aliwaambia watetezi jambo moja tu: "Akikuuliza, binti yangu, kunywa maji kwanza. Hakuna aliyewahi kufelishwa kwa kunywa maji."

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya mama, Marinete. Tasnifu yake ilihusu mmomonyoko wa kingo za mto, na aliiandika huku akifundisha na kutulea. Muda wake wa masomo ulikuwa umekwisha. Akifeli siku ile, basi tena.

Kwetu mtetezi huandaa meza ya vitafunio, lakini keki ya pongezi haionyeshwi kabla ya matokeo. Shangazi Valdirene, kwa furaha zake, aliiweka mezani wazi kabisa, ikiwa imeandikwa: "Hongera, Daktari Marinete!" Aliyeingia wa kwanza ni Profesa Quaresma. Akaisoma.

"Kumbe uamuzi umeshatolewa na mwoka keki," alisema. "Basi sisi tumeitwa kufanya nini? Kukata?"

Shangazi akajificha nyuma ya jagi la juisi. Dona Iracilda akaibeba keki mikononi.

"Profesa, hii ni ya jioni, na sasa ni saa nane. Akifaulu, tutaila. Asipofaulu, nitafuta 'Hongera' niandike 'Pole', na bado tutaila. Kaa, nikuletee kahawa."

Profesa alikohoa. Wanaomjua wanasema hicho ndicho kicheko chake.

Zamu yake ya kuuliza ilipofika, alifungua sura ya nne. "Umepima miezi ya kiangazi tu. Umeniletea nusu ya mto, Marinete. Nusu nyingine iko wapi?"

Mama akaanza kujibu mbio mbio, akitaja vitabu na wataalamu, sentensi hazina mwisho.

"Sikuulizi vitabu, mama. Nauliza mto."

Pale mlangoni, Dona Iracilda aliinua glasi yake mwenyewe, akanywa taratibu. Mama alimwona. Akanywa na yeye, chumba kizima kikisubiri. Kisha akasema, "Kwenye mvua kubwa boti ya chuo haikwenda, Profesa. Sikupima. Hitimisho langu linahusu kiangazi peke yake, na nilipaswa kuandika hivyo waziwazi."

"Haya," alisema Profesa, akibandua kikaratasi. "Sasa tunaweza kuzungumza."

Wakazungumza, kwa ukali lakini kwa raha, mpaka mtahini mwenzake akamkumbusha kwamba na yeye ana maswali. Tulitolewa nje, tukarudishwa, tukasimama wote kusikiliza uamuzi: mama amefaulu, kwa sharti kwamba aandike upya sura ya nne. Leo anasema hiyo ndiyo sura anayojivunia kuliko zote, na kwamba anamshukuru Profesa kwa swali lile, na Dona Iracilda kwa kumwezesha kulisikia.

Nilipomuuliza Dona Iracilda kuhusu jambo hilo, alicheka. "Wewe nawe! Wasomi hawa wakiogopa hawasikii kitu. Mimi nilikuwa nawashikia mlango tu."

Mwezi ujao mama atakaa kwenye jopo kwa mara ya kwanza, upande wa wanaouliza. Ameahidi kuuliza maswali magumu, na kusubiri majibu.

Dona Iracilda, asante kwa kila aliyetoka kwenye chumba kile akiwa na nguvu za kutembea. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na vicheko, na asitokee mtu wa kukuuliza swali usilotaka kulijibu.