Raia wa Ulaya Anakuja Saa Tano

Kwenye kona ya Mtaa wa Vinu, pembezoni mwa Bologna, kuna shimo la bomba lililochimbwa tangu Februari, na mbele ya shimo kuna benchi ambalo halijawahi kukosa majibu. Wenye benchi ni wastaafu watatu. Ermes, aliyepiga lipu nusu ya kuta za mtaa ule, wanamwita Chokaa. Loris aliendesha basi miaka thelathini na mmoja, huyo ni Breki. Primo hupima shinikizo la damu mara tatu kwa siku na kulitangaza mwenyewe, kwa hiyo ni Presha, na ndiye anayekuja na chupa ya kahawa aliyokatazwa na daktari. Kazi yao ya kila asubuhi ni kuwatazama mafundi shimoni na kuwakosoa. Lakini Jumanne ile bomba zima lilishushwa mbele ya macho yao na hakuna aliyeinua shingo. Hapo ujue jambo lilikuwa zito.

Breki: Saa ngapi sasa?

Presha: Saa nne na nusu. Na presha yangu mia na sitini. Sijui kwa nini ipande yangu wakati mke ni wake.

Ermes: Presha, mimi sijamtaja mke.

Presha: Hujataja kitu kingine tangu Pasaka, bwana we.

Ukweli usemwe: Ermes alikuwa na wivu. Tena si ule wivu wa heshima ambao mtu anaumeza na mate. Ulikuwa wivu wa kumnyima mtu wa miaka sabini na mbili hamu ya chakula. Nives, mke aliyeishi naye miaka arobaini na nne, alikuwa na mwanamume mwingine mezani. Huyo mwanamume hakuwa na uso. Mtandaoni, kwenye ukumbi ambao watu wa mji mzima hubishana, alijiita Raia wa Ulaya, na picha yake ilikuwa ya bata. Kila mchana, Ermes akiwa na uma mkononi, Nives anavaa miwani, anachukua simu: "Sikia leo Raia wa Ulaya kasema nini." Kisha anasoma, na anasoma kwa raha. Ermes aliwahi kumsimulia kichekesho kizuri sana cha fundi na paka, na Nives akauliza kama amefunga gesi.

Breki: Lakini tuseme kweli, jamaa ana kichwa. Lile la saa lilinimaliza. "Ulaya nzima imeshindwa kukubaliana kama iendelee kusogeza mishale ya saa kila kiangazi na kila baridi, halafu mnataka ikubaliane kuhusu jeshi!"

Ermes: Nililisikia. Nives alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Presha: Na lile la maziwa kwenye mchuzi wa nyama?

Ermes: Upuuzi! Maziwa kwenye mchuzi! Mama yangu angekufa.

Breki: Mama yako alikuwa anatia maziwa, Chokaa. Nimekula kwake.

Ermes: Alitia kidogo.

Lakini lililomchoma Ermes kuliko yote lilikuwa la upepo. Kila mtu wa mtaa ule anajua kwamba upepo wa dirisha ukikupiga shingoni, umekwisha. Ndiyo maana Ermes huvaa skafu ya sufu hadi katikati ya Juni, na usiku madirisha ya nyumba yake hufungwa hata kama Nives analoa jasho. Sasa huyu bata akaandika, kwa hoja za kisayansi mstari kwa mstari, kwamba upepo haumuui mtu, kwamba mafua huletwa na virusi, na kwamba shingo hukakamaa kwa kulala vibaya. Akamalizia: "Namjua mzee mmoja ambaye ameogopa dirisha maisha yake yote, na dirisha halijawahi kumfanya kitu." Watu mia nne walimpigia makofi. Mmoja wao alikuwa Nives.

Siku ile Ermes alikaa na simu mpaka jioni, akaandika kwa vidole viwili, kwa jina lake kamili: "Kama wewe ni mwanamume, njoo kwenye benchi la Mtaa wa Vinu tujadiliane ana kwa ana." Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Nitakuja hata hivyo. Jumanne, saa tano kamili."

Presha: Mimi hiyo "hata hivyo" ndiyo inanipa presha. Hata hivyo nini?

Breki: Hata mvua ikinyesha. Si unaona mawingu? Jamaa anafuatilia hali ya hewa, mtu wa sayansi huyo.

Ermes: Anajifanya jeuri. Anataka kuniletea jeuri kwenye benchi langu.

Breki: Tulia, Chokaa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Presha: Sasa Breki, hiyo methali umeiweka kinyume. Huyu hayupo, na lake liko kila mahali! Liko mpaka kwenye sahani ya mwenzio!

Breki: Methali haina kinyume. Mimi nawaambia huyu ni Mbelgiji.

Presha: Umbelgiji umeutoa wapi?

Breki: Angalia saa zake. Mimi nimeendesha basi, naijua ratiba ya mtu. Anaanza kuandika saa tatu asubuhi, anabishana na dunia nzima, halafu ikifika saa sita kasorobo, kimya. Kimya kabisa mpaka saa nane. Wabelgiji wanakula mapema.

Ermes: Hata sisi tunakula saa sita.

Breki: Basi ni Mbelgiji anayeishi hapa.

Presha: Mtu mmoja hawezi kujua siasa, virusi na mchuzi. Hao ni wanne. Padri mmoja, daktari wa ng'ombe, mwalimu wa hesabu, na wa nne ndiye anayeweka vichekesho. Wana zamu kabisa.

Breki: Hata wanne ni wachache. Ile ni mashine, Presha. Mashine ya Kibelgiji. Inasikiliza mazungumzo ya watu kwenye mabenchi, inayachambua, inayatoa yamenyooka. Mimi juzi nilisema hapa hapa kwamba bomba lile halina mteremko. Kesho yake nani kaandika kuhusu mteremko wa bomba? Bata!

Presha: Mteremko ulituambia hapa tu?

Breki: Hapa tu! Labda Chokaa alipeleka nyumbani.

Ermes: Nilimwambia Nives tu.

Breki: Umeona? Kikulacho ki nguoni mwako.

Presha: Hapo unamaanisha nini?

Breki: Namaanisha kuna kinasa sauti. Inukeni.

Wakainuka wote watatu. Breki akapiga magoti kwa taabu, akapapasa chini ya benchi, akatoka na bazoka kavu iliyotafunwa zamani na msumari. Msumari akautazama muda mrefu. Fundi mmoja shimoni aliacha koleo lake akawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Februari yeye ndiye aliyetikisa kichwa.

Ermes: Kaeni chini. Ninyi mnatafuta mbali. Mimi namjua. Ni Gastone.

Presha: Gastone yupi? Wa duka la dawa?

Ermes: Huyo huyo. Kwenye sikukuu ya zabibu, mwaka sabini na sita, alicheza na Nives valsi tatu mfululizo. Tatu! Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua sambusa za jibini. Nimerudi, sambusa zimepoa, wao bado wanazunguka. Tangu siku ile ana neno moyoni. Na ni mtu wa dawa, anajua virusi. Na ananijua mimi na skafu yangu.

Presha: Chokaa, Gastone amekufa.

Ermes: Lini?

Presha: Mwaka wa sita huu. Sisi tulikwenda kuzika. Wewe ulibaki nyumbani, ulisema kanisani kuna upepo.

Ermes alikaza skafu yake shingoni.

Ermes: Hilo halimwondolei lawama.

Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Ermes hakucheka. Ni rahisi kumcheka mwenye wivu ukiwa unarudi nyumbani kwa mtu anayekuuliza umeshindaje. Yeye aliporudi alikuta Nives ameinamia simu, anatabasamu peke yake, tabasamu ambalo Ermes alilikumbuka kutoka enzi za zile valsi. Alikuwa tayari kugawana mke na ugonjwa, na wajukuu, hata na kanisa. Lakini kugawana na maoni ya mtu? Usiku mmoja alijaribu hata yeye kusema la maana. Akasema, "Nives, hivi mwezi ukichomoza huwa mkubwa kwa nini?" Nives akamjibu kwa dakika kumi, vizuri kabisa, na yeye akasinzia kwenye dakika ya pili. Asubuhi akasikia Raia wa Ulaya ameandika kuhusu mwezi. Bata yule alikuwa akimtangulia kila mahali.

Saa tano kasoro dakika tano, Presha alimgusa ubavu.

Presha: Chokaa. Usigeuke haraka.

Ermes aligeuka haraka. Nives alikuwa anakuja upande wa duka la mikate. Nywele alizitengeneza. Midomo ilikuwa myekundu. Viatu vilikuwa vile vya harusi ya binti yao, ambavyo alisema vinamwua vidole na havitavaliwa tena. Ermes alivitazama viatu vile. Amejipamba. Amejipamba kwa ajili ya yule bata.

Breki: Shemeji! Leo umependeza. Kuna nini?

Nives: Nimekuja kwenye mjadala. Nisogezeeni.

Benchi lile halijawahi kukaliwa na mwanamke. Hakuna aliyekataza, ila hakuna aliyefikiria. Presha akasogea, Breki akasogea, Ermes peke yake akabaki amekauka. Nives akakaa katikati, mkoba magotini. Kengele ya kanisa ikapiga mara kumi na moja, kama wanavyohesabu huko: saa tano kamili. Watu walipita: mama na mbwa, padri kwenye baiskeli, ambaye Presha alimkodolea macho mpaka akapotea kona, na kijana aliyebeba ngazi. Hakuna aliyesimama.

Ermes alianza kupata pumzi.

Ermes: Umeona sasa? Yuko wapi? Mwoga! Anaweza kubwata nyuma ya bata, lakini uso kwa uso hayupo. Umevaa viatu bure, Nives.

Nives alifungua mkoba, akatoa miwani, kisha karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua.

Nives: Haya. Hoja yangu ya kwanza ni ya upepo. Nimeleta na takwimu, maana najua Loris atabisha.

Breki akacheka. Kisha akaacha kucheka. Presha akachukua kipimo chake mfukoni, akakishika tu bila kukivaa.

Presha: Mama wa Mungu. Saa sita kasorobo. Anakwenda kuinjika maji ya tambi!

Ungedhani wivu ungemtoka Ermes hapo hapo. Mwanamume hayupo, hajawahi kuwapo, twende nyumbani. Wapi! Wivu ulihama tu. Alifikiria wale watu mia nne waliompigia makofi, na wale waliobishana naye kila asubuhi na kumjibu "umenifungua macho". Watu wote hao walikuwa wakizungumza na mke wake.

Ermes: Miaka miwili, Nives. Miaka miwili unanidanganya, tena mbele ya sahani.

Nives: Sijakudanganya hata neno. Kila nilichoandika nimekusomea.

Ermes: Ulisema ni Raia wa Ulaya!

Nives: Kwani mimi ni raia wa wapi?

Breki: Hapo amekushika.

Ermes: Breki, nyamaza! Nives, kwa nini hukusema ni wewe?

Nives: Nilisema. La kwanza kabisa, lile la maziwa, nilikwambia kwa mdomo wangu: Ermes, mimi naona maziwa yanalainisha nyama, na sababu yake ni hii na hii. Unakumbuka ulinijibu nini?

Ermes: Sikumbuki.

Nives: "Nipe chumvi." Basi. Kesho yake nikakusomea maneno yale yale, nikasema kuna mtu kayaandika mtandaoni. Uliweka uma chini, ukawa mwekundu, ukabisha nusu saa nzima. Ulinitazama usoni, ukanitolea mifano, ukamtaja mpaka mama yako. Ermes, nilikuwa sijapata nusu saa kama ile tangu watoto waondoke. Nikaitaka tena. Kila siku nikaitaka tena.

Shimoni walikuwa wamezima mashine. Ermes alitazama mikono yake, mikono iliyonyoosha kuta za watu. Alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga wiki nzima, na yote yalikuwa ya kumwambia mwanamume.

Nives akakunja karatasi yake.

Nives: Mimi sina hoja nyingi leo. Nina swali moja tu, na hata ninyi wawili mnaweza kujibu. Kesho nikikaa mezani nikasema neno kwa jina langu, Nives, bila bata, utanibishia?

Breki alitafuta methali. Presha alilitazama bomba lisilo na mteremko. Ermes alijua jibu sahihi lilikuwa neno moja tu, fupi, lakini alijua pia kwamba Nives angetaka aape, naye hakuwa na uhakika na nafsi yake.

Nives hakumharakisha. Alivua viatu, akanyoosha miguu, akaegemea benchi. Muda alikuwa nao. Siku hiyo hakuwa amepanga kupika.