Mkoromo wa Kulindia Mpunga

Pale Kibiti, mbele ya banda la fundi pikipiki, kuna benchi lililopinda katikati kwa makalio ya wanaume wasiochoka kukaa. Anayechoka ni Sihaba. Jiko lake la vitumbua liko pembeni ya benchi hilo, na kila asubuhi hukaanga huku macho yanamwasha kama yametiwa mchanga, maana usiku hakulala. Aliyelala ni mumewe, Mudathiri. Na hata sasa, jua limepanda, mume huyo kalala tena hapo hapo benchini, kidevu kifuani, kikombe cha kahawa kinamponyoka, anaunguruma. Kijiwe kimempa jina la Boti, kwa kuwa ngurumo yake ni ile ile ya mashine za boti ziendazo Mbwera, naye jina kalipokea kama mtu aliyepewa cheo.

Siku hiyo kikao kilikuwa na ajenda. Mpunga ulikuwa unakomaa, na nguruwe pori walikuwa wameshaanza kuuonja.

— Basi tumekubaliana, alisema Hemedy muuza kahawa, ambaye kijiweni ni Birika. Kesho Boti anahamia shamba. Dungu lake liko katikati, mashamba yetu yamemzunguka. Akikoroma, nguruwe hasogei kwangu wala kwako.

— Mwaka jana walitimua mbio mpaka Mtawanya! akadakia Dulla, fundi mwenyewe, anayeitwa Spana. Mzee baba hahitaji panga wala tochi. Yeye alale tu.

— Alale chali, akaongeza Mzee Abdulrazaq, ambaye huitwa Hansadi kwa sababu hasahau neno la mtu. Akilala chali sauti inafika mbali.

Hapo ngurumo ikakatika. Sihaba aliweka kijiko chake chini, akachukua mwiko, akaenda mpaka benchini akamchoma mumewe mbavuni kwa mpini. Mudathiri alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, kisha akaendelea kuunguruma. Sihaba akarudi kugeuza vitumbua. Hakuna aliyemtazama.

— Nimeshawaambia huyu mtu anaumwa, alisema.

— Anaumwa nini, shemeji? Birika akacheka. Anayekoroma ni mwenye raha. Ushaona mwenye mawazo akakoroma?

— Raha gani ya mtu anayelala usiku kucha, akaamka kichwa kinamgonga, akaja kusinzia mbele za watu?

— Hiyo ni kabureta, Spana akasema. Imeingia taka. Atiwe mafuta ya nazi puani, ya moto, sauti isafike.

— Mtie baba yako.

— Nyinyi vijana hamjui kitu, Hansadi akakohoa kwanza, kama afanyavyo kila anapotaka kusema uongo mrefu. Mama yake huyu alivuka mto na mimba yake. Kiboko akaibuka ubavuni mwa mtumbwi, akapumua. Pumzi ile ikaingia kwa mtoto. Hapo mnamsikia kiboko, si Mudathiri.

— Ndiyo maana nguruwe wanakimbia! Birika alipiga paja. Wanajua kuna mkubwa wao!

Sihaba aligeuza kitumbua kingine. Alishajibu sana. Alikuwa amekwenda Mchukwi hospitalini kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, kichwa cha kukosa usingizi, na daktari akamuuliza kwa nini halali. Alipoeleza, daktari aliacha habari ya kichwa chake, akamwambia amlete mume. Akamfahamisha taratibu, naye Sihaba, aliyeishia darasa la saba, alielewa bila tabu. Si kila mkoromo ni ugonjwa, lakini huu wa kukatika ni ugonjwa. Mtu akilala, nyama za koo zinalegea, zinaziba njia ya hewa. Pumzi inasimama. Mwili unashtuka, unaivuta kwa nguvu, kisha njia inaziba tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Moyo unachoka, presha inapanda, mchana mtu anasinzia hata akiwa barabarani. Alale ubavu, apunguze kitambi, aache sigara na pombe, lakini kwanza aje apimwe, maana wengine hawaponi mpaka walale na mashine ya kuwasukumia hewa puani.

Sihaba akarudi na habari hizo nyumbani. Mudathiri akazileta kijiweni, kijiwe kikazicheka.

— Ile mashine ya puani! Spana alikuwa anakumbushia sasa. Boti kavaa mdomo wa tembo, kalala na mtoto wa watu!

Ngurumo ilikatika tena. Mwiko ukaenda, ukarudi.

Kwenye kigoda cha fundi alikuwa amekaa mwalimu mgeni, Eufrasia, aliyeletwa kufundisha kutoka bara. Gurudumu la pikipiki yake lilikuwa chini, halijazibwa, kwa kuwa Spana alikuwa anazungumza. Muda wote dada huyo alikuwa anamtazama Sihaba.

— Samahani mama, akasema. Akipiga kelele unamwacha. Akinyamaza ndiyo unamchoma. Kwa nini?

Sihaba alifuta mkono kwenye khanga. Miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyemuuliza hivyo.

— Kelele ni salama, mwanangu. Akinguruma najua yupo. Akinyamaza, pumzi imesimama. Nikimwacha, hurudi yenyewe. Mpaka sasa imekuwa ikirudi. Ila mimi siwezi kulala nikingoja siku ambayo haitarudi.

— Shemeji naye, Birika akasema, lakini bila kicheko.

— Na hilo dungu ni nini? mwalimu akauliza.

— Kibanda, mwalimu, Hansadi akamweleza, cha juu ya miti, katikati ya shamba. Mlinzi analala humo mpaka mpunga uvunwe.

— Analala na nani?

— Peke yake. Ni kidogo, hakichukui wawili.

— Sasa huko akinyamaza, mwalimu akauliza, nani atamchoma?

Spana aliinama akaokota gurudumu, akaligeuza upande huu na ule kama anayetafuta jibu kwenye tairi. Birika aliinua birika lake kummiminia Hansadi, likatoa machicha matupu. Hansadi, asiyesahau neno la mtu, alikosa la kukumbuka. Na katika utulivu huo wote wakasikia jambo ambalo hawakuwahi kulisikiliza: ngurumo ilikuwa imekatika. Kidevu kifuani, mdomo wazi, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Watu wazima watatu wakamtazama, hakuna aliyejua amguse wapi.

— Shemeji, Birika akanong'ona. Shemeji, njoo.

Sihaba hakukimbia. Alikuja na mwiko wake, akamchoma.

Mudathiri aliruka, akavuta hewa kwa kishindo, kahawa iliyobaki ikammwagikia pajani. Akafumbua macho, akawaona wamemzunguka, wamemtumbulia macho.

— Mbona kimya? akauliza. Nani kafa?

— Bado, akasema Sihaba. Vaa ndala zako, twende Mchukwi.