Benchi la Mto wa Buluu

BI CHIKU: Kitendawili.

NZEMBI: Haloo? Ni nani?

BI CHIKU: Kitendawili, nimesema.

NZEMBI: Ah. Shikamoo, Bibi Chiku. Tega.

BI CHIKU: Marahaba, mwanangu. Pa kivuli, pa laini, pa bure. Wote wapita, hakuna akaaye.

NZEMBI: Kwa daktari wa meno.

BI CHIKU: Huko kuna foleni.

NZEMBI: Bibi, niko kazini, mkubwa anataka ripoti —

BI CHIKU: Basi nipe mji.

NZEMBI: Chukua Vanga.

BI CHIKU: Na barabara ile? Nipe mwingine.

NZEMBI: Ukunda.

BI CHIKU: Ukunda kelele. Lakini haya, nimekwenda, nimekula pweza, nimerudi. Jibu ni benchi lako hapo kituo cha polisi. Hilo la Dawati la Jinsia, lenye mto wa buluu.

NZEMBI: Ndiyo ripoti yenyewe hiyo. Mkubwa anauliza kwa nini tangu Januari wamekuja wanawake wawili tu, na mmoja alikuwa akitafuta choo. Dawati lina ofisa mmoja, ni mimi, na nisipompa sababu kufikia Ijumaa atalifunga.

BI CHIKU: Andika, nakutajia. Wa huku Majoreni wakipigwa si mimi ninayewasindikiza? Nilimleta Dama, mdomo umepasuka. Kwako hakufikiki mpaka upite kaunta. Yule bwana mwenye kitabu cha matukio akamuuliza, watu wote wanasikia: umemfanya nini mumeo hata akakupiga? Dama akasema amekuja kuuliza choo.

NZEMBI: Kumbe ni yeye.

BI CHIKU: Ndiye. Umeandika?

NZEMBI: Naandika.

BI CHIKU: Tia na jina la mwenye kitabu.

(mtandao unakwaruza)

NZEMBI: Haloo? Bibi, sauti inakatika.

BI CHIKU: Mimi nakusikia vizuri.

NZEMBI: Tuseme "ofisa wa zamu". Inatosha.

BI CHIKU: Haya. Sasa dawa yake. Kila Alhamisi zahanati yetu hupima watoto uzito. Mke akishika kadi ya kliniki, hakuna mume anayemuuliza waenda wapi. Nimeshasema na nesi Everlyn, atatupa chumba cha nyuma ya mizani. Uje na fomu zako, sare uiache nyumbani. Mtoto akipimwa, mama apita nyuma, aeleza mara moja tu, na nesi amtazama majeraha papo hapo. Mwenye kitabu hana habari.

NZEMBI: Na asiye na mtoto?

BI CHIKU: Tutamwazima mmoja. Jirani yangu Kanze anao wanne, hawatulii, atashukuru.

NZEMBI: Hilo siwezi kuliandika, Bibi.

BI CHIKU: Usiliandike. Jana nilipita hapo kituoni saa kumi, nikakuona umekalia benchi.

NZEMBI: Mimi?

BI CHIKU: Upande wa wageni. Kiti chako kitupu, meza mbele yako, mikono umeipakata. Ulikuwa wamngoja nani?

NZEMBI: Nilikuwa napumz— Bibi, salio lako litakwisha.

BI CHIKU: Salio ni langu. Na mkono uliofungwa kitambaa?

NZEMBI: Niliteleza bafuni.

BI CHIKU: Dama naye alisema ni bafu. Bafu hilo latembea sana. Mumeo hajambo? Muasya?

NZEMBI: Hajambo. Yuko hapo nje. Kaunta.

BI CHIKU: Na kitabu chake.

NZEMBI: Na kitabu chake.

(mtandao unakwaruza)

BI CHIKU: Haloo?

NZEMBI: Nipo. Nimefunga mlango.

BI CHIKU: Vyema. Sasa hii simu yanipigia kengele, dakika imebaki moja. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nimwambie Kanze alete watoto wangapi?

NZEMBI: Wa nini?

BI CHIKU: Wa kukuazima wewe.

NZEMBI: Mmoja atatosha. Yule mtulivu.

BI CHIKU: Mtulivu hayumo.

NZEMBI: Basi yeyote.

BI CHIKU: Nesi Everlyn atakutazama huo mkono, na fomu yako ataijaza yeye. Utakuwa mgeni siku hiyo. Kwanza mgeni, halafu ndiyo uanze kazi.

NZEMBI: Bibi, pale pa "ofisa wa zamu" nimefuta.

BI CHIKU: Umetia nini?

NZEMBI: Majina yake. Yote matatu.

BI CHIKU: Haya, mwanangu. Yalia tena hii. Kwaheri ya kuonana — lakini la benchi hukunijibu.

NZEMBI: Bibi.

BI CHIKU: Naam.

NZEMBI: Nilikuwa namngoja ofisa wa dawati.