Chupa Isiyotikiswa

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi baba yetu. Alikuwa kifungua mimba; mimi ninayewasomea wasifu huu ni kitinda mimba, na alinibeba mgongoni.

Alisoma shule za hapahapa mtaani, kisha chuo kikuu, akahitimu kemia mwaka 1985.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa dawa, akakaa huko hadi kustaafu. Alishughulika na mafuta yenye kemikali ya florini, ambayo hubeba oksijeni, ili siku moja yamfae mgonjwa aliyepungukiwa damu. Mafuta hayo ni mazito na hayapatani na maji. Sabuni za kawaida zilishindwa kuyashika, yakawa yanazama. Yeye akatumia sabuni ambayo nayo ilikuwa na florini: upande mmoja ulishika mafuta, wa pili ukashika maji. Mchanganyiko ulitoka mweupe kama maziwa, ukatiwa katika chupa na kuwekwa rafuni kuona kama utadumu. Kuugusa ilikuwa marufuku.

Mwaka 1990 aliitwa seremala kurekebisha rafu hiyo. Aliona mchanganyiko wa chupa moja umeanza kujitenga, akaingiwa na huruma, akazitikisa zote vizuri kama dawa ya kikohozi. Kazi ya miezi ikaenda na maji. Dada alimgombeza mpaka sauti ikamkauka. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, na tangu hapo shemeji hakutikisa hata dawa ya watoto bila kuomba ruhusa.

Mapafu yalianza kumsumbua dada mwaka juzi. Alipolazwa mara ya mwisho, aliulizia chupa aliyoiacha rafuni siku ya kustaafu. Shemeji aliifuata, akaja nayo kwa miguu akiogopa mashimo ya barabara. Dada aliiinua kuelekea dirishani. Ilikuwa nyeupe mpaka chini.

“Imeshika,” alisema.

Shemeji akamuuliza kama haiwezi kumsaidia yeye.

“Bado, Baba Watoto. Hiyo ni ya watakaokuja.”

Alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 3 Juni 2024. Imetuuma sana.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi mdogo wake. Chupa iko mezani, kando ya picha yake, tunaomba isiguswe.

Pumzika kwa amani, dada. Shemeji ameketi karibu nayo, analinda.